Kusoma Maji katika Korongo la Poudre

Barabara Kuu Namba 14 ya jimbo la Colorado, Marekani, humwingiza dereva milimani ghafla. Kaskazini-magharibi ya mji wa Fort Collins kuna kituo cha mafuta kiitwacho Ted's Place. Ukikata kushoto hapo, kwa dakika chache bado uko kwenye mashamba ya majani ya ng'ombe. Kisha kuta za mwamba zinasogea pande zote mbili, mto unajitokeza kando ya lami, na kuanzia hapo barabara na maji vinaandamana kwa makumi ya kilomita, vikipinda pamoja.

Mto huo ni Cache la Poudre, jina lililoachwa na wawindaji Wafaransa wa karne ya 19. Wenyeji husema Poudre tu. Unaanzia kwenye ziwa dogo karibu na Milner Pass, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Rocky Mountain, kwenye mwinuko wa mita 3,280 hivi, na baada ya safari ya kilomita zipatazo 200 unamwaga maji yake katika mto South Platte, mashariki ya mji wa Greeley. Mwaka 1986 Bunge la Marekani liliingiza sehemu yake yenye urefu wa kilomita 122 katika orodha ya mito inayolindwa kwa ajili ya uasilia na mandhari yake. Ulikuwa mto wa kwanza wa Colorado kupata hadhi hiyo. Barabara nayo inapanda kutoka mita 1,600 hivi mlangoni mwa korongo hadi mita 3,132 katika kipito cha Cameron, kisha inateremka kwenye bonde pana la North Park hadi mji mdogo wa Walden.

Anayekwenda kuangalia tu hatajuta. Upande wa chini kuna miamba ya kijivu na ya rangi ya kutu, iliyokaribiana kiasi kwamba jua la asubuhi huchelewa kufika majini. Kuna handaki fupi ambamo dereva hupunguza mwendo hata asipoambiwa. Kuna pia Mishawaka, ukumbi wa muziki wa tangu mwaka 1916, ulio ukingoni mwa mto. Baada ya kijiji cha Rustic korongo linapanuka, misonobari inaongezeka, na wakati mwingine kondoo wa milimani wenye pembe za kujikunja husimama kando ya lami wakiwatazama watu kwenye magari. Ukivuka kipito cha Cameron unaingia nchi ya musi, mnyama mkubwa kama farasi mwenye pembe bapa. Wale wa North Park ni kizazi cha wanyama walioletwa kutoka Utah na Wyoming kuanzia mwaka 1978. Wiki za mwisho za Septemba, majani ya miti ya aspeni yanapogeuka manjano, hakuna barabara ya milimani ambayo mwandishi wa makala haya angeichagua badala ya hii.

Mwandishi alihamia kaskazini mwa Colorado akitokea Nairobi, na kwa muda mrefu alilijua korongo hili kupitia dirisha la gari. Aliona uzuri, akapiga picha, akarudi mjini. Kilichobadilisha mambo kilikuwa kudadisi ni nani aliyepasua mwamba huo.

Kazi kubwa ya mwanzo ya barabara ya Poudre ilifanywa na wafungwa wa jimbo. Walikaa kambini ndani ya korongo, wakavunja mawe, na handaki lile lilitobolewa mwaka 1916. Njia ilifika kipito cha Cameron mwaka 1926. Juu zaidi, kwenye milima ya Never Summer, kuna mfereji uitwao Grand Ditch, ulioanza kuchimbwa mwaka 1890 na kukamilika mwaka 1936. Vibarua wengi wa miaka ya mwanzo walikuwa wahamiaji kutoka China, Japani na Meksiko. Mfereji huo hukusanya maji ya theluji ambayo kwa asili yangeteremka magharibi kuelekea mto Colorado, ukayavusha mgongo wa bara na kuyamwaga upande wa Poudre. Kwa hiyo hata maji yanayoonekana kuwa ya mwituni kabisa yamepita mikononi mwa watu, na watu hao hawamo kwenye picha wanazopiga watalii.

Mtu akishajua hayo, anaanza kuutilia shaka utulivu wa mandhari. Anataka kushuka garini.

Uvuvi wa trauti kwa chambo cha manyoya ni njia nzuri ya kushuka. Chambo chenyewe ni ndoana ndogo, wakati mwingine ndogo kuliko punje ya mchele, iliyofungwa nyuzi na manyoya hadi ifanane na mdudu wa majini. Katika uvuvi wa mshipi wa kawaida, uzito wa chubwi ndio unaobeba chambo. Hapa chambo hakina uzito wa maana. Kinachorushwa ni mshipi wenyewe, ambao ni mnene na mzito kidogo. Fimbo inaupeleka nyuma, mvuvi anangoja unyooke hewani, ndipo anaupeleka mbele. Kwenye ncha yake umeungwa uzi mwembamba usioonekana majini, na chambo hufuata mwishoni kabisa. Nguvu za mkono hazisaidii sana. Kungoja ndiko kunakosaidia.

Lakini kurusha ni nusu ya kazi, na pengine ile nusu ndogo. Trauti hukaa akielekeza kichwa kule maji yanakotoka, nyuma ya jiwe au kwenye mstari ambapo mkondo wa kasi unapakana na maji ya pole. Hapo hapotezi nguvu, na chakula kinampitia mbele ya mdomo. Mvuvi anayemjua humwendea kutoka nyuma, akipanda mto taratibu, na chambo chake lazima kielee kwa mwendo uleule wa maji. Mshipi ukikivuta hata kidogo, kikakata mkondo kwa namna ambayo mdudu wa kweli hawezi kufanya, samaki anakiacha. Baada ya saa kadhaa za kutazama mstari huo wa maji, macho hubadilika. Mahali ambapo msafiri anaona povu tu, mvuvi anaona vyumba.

Somo la kwanza mwandishi alilipata kwa bwana mmoja mzee, mwalimu mstaafu, aliyekuwa akivua chini ya Rustic. Hakumwonyesha namna ya kushika fimbo. Aliingia majini hadi magotini, akanyanyua jiwe lenye ukubwa wa sahani, akaligeuza. Upande wa chini ulikuwa umejaa viumbe. Kulikuwa na lava bapa wenye mikia mitatu, waliojigandamiza kwenye jiwe ili wasichukuliwe na mkondo. Kulikuwa na wadudu waliojijengea ala za changarawe, kila mmoja ndani ya nyumba yake ndogo. Kulikuwa pia na lava wakubwa wa kahawia wenye mikia miwili, ambao huishi pale tu maji yanapokuwa baridi, safi na yenye oksijeni ya kutosha. Mzee alieleza kwamba anapowakuta hao wa mwisho, hana haja ya kuuliza hali ya mto. Kisha alilirudisha jiwe kama lilivyokuwa, upande uleule chini, kwa sababu kila kilichokuwa juu yake kingekufa likiachwa limepinduka.

Tangu siku hiyo mwandishi hajafungua kisanduku cha vyambo kabla ya kugeuza jiwe.

Kisanduku hicho nacho kina habari zake. Vyambo vingi vinavyouzwa katika maduka ya Marekani na Uingereza havifungwi huko. Hufungwa kwa mkono na mafundi wa Thailand, Sri Lanka na, kwa miaka mingi sasa, Kenya. Kabla ya kuhama, mwandishi aliwahi kuingia katika karakana moja ya kazi hiyo nje kidogo ya Nairobi. Wanawake walikaa kwenye meza ndefu, kila mmoja na jiliwa dogo mbele yake, wakizungusha uzi juu ya ndoana kwa kasi ambayo jicho halifuati. Shingo za jogoo zilining'inia ukutani, zimepangwa kwa rangi. Mama mmoja alikuwa akifunga chambo chenye mbawa za manyoya ya elki, umbo lililobuniwa na Mmarekani Al Troth mwaka 1957 kuiga mdudu mzima wa jamii ile ya wajenzi wa ala za changarawe. Mwandishi alimuuliza, "Mama, umewahi kumwona mdudu huyu akiwa hai?" Akajibu bila kuinua macho, "Mdudu sijamwona, mwanangu. Ila nikikosea kipimo, mzigo wote unarudishwa."

Miaka ilipopita, katika duka la vifaa vya uvuvi la Fort Collins, mwandishi alikuta umbo lilelile likiuzwa, na mwenye duka akathibitisha kwamba shehena ilitoka Kenya. Wavuvi wa Poudre husifu sana ustadi wa kurusha. Wangefaa kusifu pia ustadi wa kufunga, maana trauti wa Colorado anayepanda juu na kufungua kinywa amedanganywa na mikono ya mwanamke wa Kiambu au Nairobi, ambaye ujira wake ni sehemu ndogo ya bei ya chambo kile dukani. Jambo hilo linastahili kusemwa wazi kila mara bidhaa hizo zinapotajwa.

Hata samaki wenyewe ni wageni. Trauti wa kahawia, anayetawala Poudre leo, asili yake ni Ulaya. Mayai ya kwanza yalifika Marekani kutoka Ujerumani mwaka 1883. Trauti wa upinde wa mvua aliletwa kutoka mito ya pwani ya Pasifiki. Jamii hizo mbili ndizo zilizopandikizwa pia katika mito ya milima ya Kenya. Mwaka 1905 Ewart Grogan aliagiza mayai ya trauti wa kahawia kutoka Loch Leven, Uskoti, na vifaranga vikaachiwa katika mto Gura unaoshuka kutoka Nyandarua. Anayevua Gura na anayevua Poudre wanamfukuza samaki yuleyule, aliyesafirishwa na watu waliotaka kuona mito ya kwao popote walipokwenda.

Trauti wa asili wa upande huu wa milima ni mwingine: trauti mwenye alama nyekundu chini ya taya na mgongo wa kijani. Kufikia mwaka 1937 wataalamu walidhani ametoweka. Baadaye yakapatikana makundi yaliyodhaniwa kuwa yeye, yakazalishwa na kupandikizwa. Mwaka 1994 Colorado ilimtangaza kuwa samaki rasmi wa jimbo. Ndipo mwaka 2012 uchunguzi wa vinasaba ukaonyesha kwamba kundi la kweli lililosalia lilikuwa moja tu, katika kijito cha Bear Creek karibu na Colorado Springs, mbali na makazi yake ya asili. Sasa mamlaka za wanyamapori, misitu na hifadhi zinafanya kazi kwenye vyanzo vya Poudre, eneo la Long Draw, kuondoa samaki wageni na kumrudisha mwenyeji. Ni kazi ya miaka mingi. Mwandishi anaiona kuwa kazi ya haki, hata kama itapunguza raha ya wavuvi kwa muda.

Swali gumu zaidi la mto liliulizwa na rafiki wa mwandishi, mzaliwa wa Uvira aliyefika Marekani kama mkimbizi na kupata kazi katika kiwanda cha nyama huko Greeley. Mji huo una familia nyingi kutoka Kongo, Burundi na Somalia, na Kiswahili husikika katika maduka na makanisa yake. Kutoka Greeley hadi mlangoni mwa korongo ni mwendo wa kama saa moja kwa gari, lakini wengi wa majirani zake hawakuwa wamefika huko. Yeye alikua ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, akivua ndakala usiku pamoja na baba yake kwa taa, na siku za bahati wakipata mikebuka. Alipofika Poudre hakuangalia milima. Alitazama maji, kimya, kisha akaonyesha kwa kidole mahali ambapo samaki angekuwa. Alikuwa sahihi.

Mwandishi alipomvuta trauti wa kahawia, akalowesha mikono, akamwondoa ndoana ndani ya maji na kumwachia, rafiki alishangaa.

"Yaya, huyu samaki unamuachilia juu ya nini?"

Mwandishi alieleza kwamba vipande vya mto huu vina sheria maalumu: chambo bandia pekee, na idadi ya kuchukua ni ndogo. Alieleza kwamba wavuvi ni wengi, na samaki wakichukuliwa wote mto utabaki mtupu.

"Basi tusimuvue," akasema rafiki. "Kwetu samaki ni chakula. Kumusumbua halafu unamuambia aende, ni kumuchezea."

Jibu hilo halipaswi kupuuzwa. Utafiti wa uvuvi umeonyesha kwamba samaki anayeachiwa anaweza kufa baadaye, hasa akivutwa kwa muda mrefu, akishikwa nje ya maji, au akivuliwa maji yakiwa ya moto. Maji yakifika nyuzi joto 20 za Selsiasi, oksijeni hupungua na trauti huchoka haraka. Wavuvi waungwana wa Colorado huacha kuvua saa za mchana wa Julai na Agosti kwa sababu hiyo. Kumwachia samaki bila kujali joto la maji ni kumuua polepole huku ukijisifu kwa huruma. Rafiki alikuwa ameona kitu ambacho vitabu vya uvuvi hukipita haraka.

Walikubaliana njia ya kati, na sheria ya jimbo inairuhusu. Mahali pasipo masharti maalumu, mvuvi mwenye leseni anaweza kuchukua trauti wanne kwa siku. Chini ya korongo, Bellvue, kuna Ziwa la Watson kando ya kituo cha kufugia samaki, na trauti wa upinde wa mvua hupandikizwa humo kwa ajili ya kuliwa. Rafiki huenda huko na wanawe, anavua wa mboga, anarudi nyumbani. Akipanda korongoni na mwandishi hubeba fimbo, lakini mara nyingi huishia kukaa juu ya jiwe akitazama. Husema maji ya mwendo yanamfundisha kitu ambacho ziwa halikumfundisha, na hajaombwa kueleza zaidi.

Halafu kuna moto.

Tarehe 9 Juni 2012 radi ilianzisha moto wa High Park katika vilima vya kusini mwa korongo. Uliunguza hekta zipatazo 35,300 na nyumba 259, na mtu mmoja alifariki. Mji wa Fort Collins, ambao hupata karibu nusu ya maji yake kutoka Poudre, ulilazimika kufunga kinywa cha kuchotea mtoni kwa wiki nyingi kwa sababu ya majivu. Watu waliona hilo ndilo janga la kizazi chao. Tarehe 13 Agosti 2020 ukawaka moto wa Cameron Peak. Uliendelea hadi mwanzoni mwa Desemba na kuteketeza zaidi ya hekta 84,500, eneo kubwa kuliko moto mwingine wowote katika kumbukumbu za Colorado.

Mwandishi aliiona barabara baada ya kufunguliwa. Sehemu za juu zilikuwa na nguzo nyeusi za miti mlima baada ya mlima, na ardhi ya chini yake ilikuwa tupu. Ila mto ulikuwa bado unang'aa, na hilo liliwafariji wengi kabla ya wakati. Msitu ukiungua kwa joto kali, mvuke wa mafuta na nta za mimea hupenya udongoni na kuganda chini kidogo ya uso. Udongo huo hukataa maji. Mvua ambayo zamani ingenywewa na majani makavu na mizizi, sasa huteleza yote pamoja, ikibeba majivu, changarawe, magogo na mawe.

Jioni ya tarehe 20 Julai 2021 mvua kubwa ilinyesha juu ya bonde dogo la Black Hollow, lililokuwa limeungua mwaka uliotangulia. Tope na magogo vilishuka hadi kwenye Poudre, vikazoa nyumba zilizokuwa ukingoni. Watu wanne walipoteza maisha. Mto uligeuka mweusi, na samaki wakafa kwa wingi, matamvua yao yamezibwa na majivu. Mawe ambayo mwandishi alizoea kuyageuza yalikuwa yamefunikwa na tope laini, na chini yake hapakuwa na kitu.

Hapo ndipo mtu anapoelewa mto unalindwa wapi. Mlinzi wa trauti hawezi kuishia ukingoni. Trauti wa kahawia hutaga mayai wakati wa vuli ndani ya changarawe safi, na mayai hukaa humo majira yote ya baridi yakipumua maji yanayopita katikati ya mawe. Tope likiziba nafasi hizo, kizazi kizima hukosa hewa. Kwa hiyo hatima ya samaki huamuliwa mlimani, kilomita nyingi kutoka anapoogelea, na ndivyo ilivyo kwa mtu anayefungua bomba mjini.

Waliolielewa hilo walichukua hatua. Baada ya moto wa 2012 uliundwa Muungano wa Vyanzo vya Maji vya Poudre, ukikutanisha miji, wenye ardhi na wataalamu. Baada ya moto wa 2020, mji wa Greeley na washirika wake walikodi helikopta za kumwaga vipande vya mbao juu ya miteremko iliyoungua ili mvua isigonge udongo mtupu. Mwandishi alisimama kando ya barabara akitazama helikopta ikipanda na mzigo wake na kurudi bila kitu, mara kwa mara, asubuhi nzima. Kwa kazi ya kushikilia mlima mahali pake, hayo ni matumizi bora kabisa ya kodi ya wananchi aliyowahi kuyaona kwa macho.

Uhai ulirudi. Wadudu wazima huruka kuelekea juu ya mto kutaga, na lava huchukuliwa na mkondo kutoka vijito ambavyo havikuungua. Mawe ya baadhi ya sehemu yakaanza tena kuwa na wakazi. Si kila mahali, na kila mvua kubwa ya kiangazi inaweza kurudisha weusi.

Mkazi wa Nairobi anapaswa kuisoma habari hii kama yake. Sehemu kubwa ya maji ya jiji hilo hutoka kwenye bwawa la Ndakaini, linalojazwa na mito inayoshuka kutoka misitu ya Nyandarua. Moto wa misitu hiyo hutangazwa kwenye habari kama tukio la wanyama na watalii. Ni tukio la jikoni. Greeley ilijifunza hivyo kwa gharama, na Nairobi inaweza kujifunza kabla.

Hata kabla ya moto, maji ya Poudre yaligombewa, na mzozo huo una historia ndefu. Greeley ilianzishwa mwaka 1870 na walowezi waliochimba mifereji ya kumwagilia mashamba. Muda mfupi baadaye Fort Collins, iliyo juu yao mtoni, nayo ikaanza kuchota. Kiangazi cha ukame cha mwaka 1874 maji yalikauka kabla ya kufika Greeley, na pande mbili zikakutana kwa hasira. Ugomvi huo ulichangia kuingizwa katika Katiba ya Colorado ya mwaka 1876 kanuni ya kwamba aliyetangulia kutumia maji ndiye mwenye haki ya kwanza. Kanuni hiyo bado inatawala. Samaki hawakutajwa.

Kwa anayepanga safari, mambo ya lazima ni machache. Theluji huyeyuka kwa nguvu kuanzia mwishoni mwa Mei hadi Juni, na mto wa wakati huo ni wa kutazamwa kutoka barabarani. Kuvua ni kuzuri kuanzia Julai asubuhi, na kuzuri zaidi Septemba. Mwenye umri wa miaka 16 au zaidi anahitaji leseni, na mabango kando ya barabara yanaeleza masharti ya kila kipande cha mto. Miezi ya Oktoba na Novemba usikanyage changarawe safi yenye rangi nyepesi, kwa maana ndipo mayai yalipo.

Jambo la mwisho linahusu gari lenyewe. Tarehe 31 Julai 1976, katika korongo jirani la Big Thompson, mafuriko ya ghafla yaliua watu 144, na baadhi yao walikuwa wakijaribu kuyakimbia kwa magari. Ndiyo maana makorongo ya Colorado yana mabango yanayomwelekeza msafiri apande juu mafuriko yakitokea. Ukiwa Poudre, hasa chini ya miteremko iliyoungua, na mawingu yakawa mazito juu yako, usiwashe injini kutafuta mlango wa korongo. Liache gari barabarani pamoja na fimbo na kisanduku, mshike mtoto mkono, na upande mlima kwa miguu.